Vyanzo vya Mvuke wa Kemikali Ndani ya Nyumba

Petroli ikimwagika sakafuni hukauka yenyewe, na thina ikiachwa wazi usiku kucha asubuhi hukutwa imepungua. Haikupotea, imehamia hewani. Kemikali za aina hii, zenye kaboni ndani yake na zinazogeuka mvuke katika joto la kawaida la chumba, ni nyingi mno. Wataalamu wakichukua sampuli ya hewa ya sebule moja huweza kukuta mamia ya aina zake. Kimataifa hujulikana kwa herufi VOC, ambazo huchapwa hata kwenye makopo ya rangi. Katika makala haya zitaitwa kampaundi vukizi. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilizipanga kwa kigezo cha joto la kuchemka. Zinazochemka kuanzia takriban nyuzi 50 za Selsiasi hadi takriban nyuzi 250 ndizo kampaundi vukizi hasa. Chini ya hapo ziko zinazoruka haraka zaidi, kama fomaldehaidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 19 chini ya sifuri. Juu yake ziko nzito, kama baadhi ya viuadudu na vilainisha plastiki, ambazo hutoka taratibu na kutua kwenye vumbi la sakafuni.

Kuwa vukizi si sawa na kuwa sumu. Harufu ya ganda la chungwa, ya karafuu inayoanikwa juani na ya kahawa inayokaangwa ni kampaundi vukizi vilevile, na binadamu amezivuta tangu awepo. Lakini zipo chache ambazo ubaya wake hauna mjadala. Benzeni husababisha saratani ya damu, na WHO inasema hakuna kiwango chake kinachoweza kuitwa salama. Fomaldehaidi iliingizwa mwaka 2004 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Kati ya pande hizo mbili zimejaa nyingine, kama tolueni, zaileni na stairini, ambazo zikiwa kidogo huwasha macho na koo na kuumiza kichwa, na mtu akizivuta kwa wingi kwa miaka huathiri ini, figo na mishipa ya fahamu.

Pua ni hakimu mbaya katika jambo hili. Benzeni huanza kunusika ikiwa tayari imezidi mno kiwango kinachotia hofu, ilhali limoneni, ile iliyo nyingi katika ganda la limau, hunusika hata ikiwa chembe. Isitoshe, pua huzoea. Mgeni anayeingia chumbani husikia harufu ya rangi ambayo mwenyeji, baada ya nusu saa, ameshaacha kuisikia, na hewa haijabadilika hata kidogo.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hewa chafu ni ya nje: ya viwanda, magari na mitambo. Dhana hiyo ilivunjwa Marekani katika miaka ya 1980, pale Shirika la Kulinda Mazingira la nchi hiyo, EPA, lilipoendesha utafiti uliojulikana kwa jina la TEAM, ukiongozwa na mwanasayansi Lance Wallace. Badala ya kutegemea vituo vya kupima hewa vya mjini, watafiti waliwapa watu wa kawaida pampu ndogo za kukusanya hewa, wakashinda nazo mchana na kulala nazo kando ya kitanda. Miongoni mwa maeneo ya mwanzo ilikuwa miji ya Bayonne na Elizabeth katika jimbo la New Jersey, yenye viwanda vya kemikali na vya kusafisha mafuta. Kampaundi kumi na mbili hivi za kawaida zilikutwa kwa wingi wa mara 2 hadi 5 ndani ya nyumba kuliko nje, na haikujalisha kama nyumba ilikuwa karibu na kiwanda au shambani.

Hesabu za Wallace kuhusu benzeni zilishangaza zaidi. Sigara zilichangia takriban asilimia 0.1 tu ya benzeni iliyotolewa hewani nchini Marekani, lakini zilichangia takriban asilimia 45 ya benzeni iliyovutwa na Wamarekani. Viwanda vilitoa nyingi zaidi ya hiyo, lakini mchango wao katika iliyofika mapafuni ulikuwa asilimia 3 hivi. Bomba la kiwanda liko mbali na hewa ya nje ni kubwa. Sigara iko mdomoni, na chumba ni kidogo. Hesabu hii ndiyo inayoeleza kwa nini kopo moja la thina chini ya ngazi linastahili kutazamwa kwa jicho kali kuliko moshi wa kiwanda kilicho ng'ambo ya mji.

Wingi wa mvuke katika chumba huamuliwa hasa na mambo mawili: kasi ambayo vyanzo vinautoa, na kasi ambayo hewa ya ndani inabadilishana na ya nje. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, majengo ya Ulaya na Marekani yalizibwa nyufa na kupunguziwa hewa safi ili kuokoa nishati, na muda si mrefu wafanyakazi wa maofisi wakaanza kulalamika kuumwa kichwa, kuwashwa macho na kuchoka bila sababu, hali iliyopewa jina la ugonjwa wa majengo. Afrika Mashariki haikupitia hatua hiyo wakati ule, kwa sababu nyumba nyingi zilikuwa na upenyo kati ya ukuta na paa, madirisha ya luva au ya nondo na wavu, na hewa ilijiendea. Mijini leo mambo yamegeuka. Dirisha ni la aluminiamu la kusukuma, dari imefungwa kwa jipsamu, na chumba kina kiyoyozi. Watu wengi huamini kiyoyozi huleta hewa mpya. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakileti: hunyonya hewa ileile ya chumbani, huipoza na kuirudisha. Kilichomo humo hubaki humo.

Vitambaa navyo vina kazi yao. Mapazia, mazulia, magodoro na nguo hunyonya mvuke hewa inapokuwa nzito, kisha huuachia polepole hewa inaposafika. Ndiyo maana chumba alicholala mvuta sigara huendelea kunuka siku nyingi baada ya yeye kuondoka.

Katika nyumba mpya, chanzo cha kuangaliwa kuliko vyote ni mbao za kiwandani. Chipbodi ni vipande vya mti vilivyosagwa, MDF ni nyuzi za mti zilizoshindiliwa, plaiwudi ni karatasi za mti zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Zote zinashikiliwa na gundi, na gundi inayopendwa na viwanda kwa urahisi wa bei hutengenezwa kwa urea na fomaldehaidi. Fomaldehaidi kidogo hubaki huru ndani ya ubao na kutoka katika wiki na miezi ya mwanzo. Hilo ndilo tatizo dogo. Kubwa ni kwamba maji huivunja gundi yenyewe: unyevu wa hewa ukipenya ndani ya ubao, gundi huachana taratibu na kutoa fomaldehaidi mpya, mwaka baada ya mwaka. Joto huharakisha kazi hiyo. Kabati lililotoka katika karakana moja likapelekwa Nairobi, na pacha wake akapelekwa Mombasa, hayatatoa kiasi kimoja. La Mombasa, penye joto na unyevunyevu wa bahari, litatoa zaidi.

Kisa kinachojulikana zaidi duniani kuhusu mbao hizi ni cha Kimbunga Katrina. Kimbunga hicho kilipobomoa miji ya pwani ya Ghuba ya Meksiko mwezi Agosti 2005, serikali ya Marekani iliwahifadhi watu waliopoteza makazi katika nyumba ndogo za magurudumu, ambazo kuta, sakafu na makabati yake yalijaa mbao za kiwandani. Wakazi walianza kulalamika: macho kuwasha, pua kutoka damu, watoto kukohoa bila kukoma. Kati ya Desemba 2007 na Januari 2008 Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, CDC, kilipima nyumba 519 za aina hiyo katika majimbo ya Louisiana na Mississippi. Wastani wa fomaldehaidi ulikuwa sehemu 77 katika kila sehemu bilioni moja za hewa, na nyumba iliyokuwa mbaya kuliko zote ilifika 590. Kiwango ambacho WHO inashauri kisizidiwe, kwa wastani wa dakika 30, ni mikrogramu 100 katika mita moja ya ujazo, sawa na sehemu 80 hivi. Kwa maneno mengine, nyumba ya wastani ilikuwa imeshagusa mpaka. Tena vipimo vilichukuliwa majira ya baridi, miaka zaidi ya miwili baada ya kimbunga. Wakati wa kiangazi cha kwanza hali ilikuwa lazima iwe mbaya zaidi.

Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti fomaldehaidi katika mbao hizo mwaka 2010. Japani ilikuwa imetangulia. Sheria yake ya ujenzi iliyorekebishwa na kuanza kutumika Julai 2003 hupanga mbao kwa nyota, na zile za nyota nne tu ndizo zinazoruhusiwa kutumika ndani bila kikomo cha eneo. Pamoja na hayo, nyumba mpya lazima iwe na mtambo unaobadilisha angalau nusu ya hewa ya chumba kila saa. Dunia ingenufaika kama sharti hilo la kubadilisha hewa lingeigwa na wengi, kwa kuwa linafanya kazi dhidi ya kila aina ya mvuke, hata ule usiojulikana.

Katika karakana za Keko jijini Dar es Salaam na kando ya Ngong Road jijini Nairobi, MDF na chipbodi zimeingia pembeni ya mbao ngumu. Mbao halisi nazo hutoa mvuke, hasa terpeni za misonobari zenye harufu ya utomvu, lakini fomaldehaidi yake ni chembe. Mnunuzi anaweza kujifunza mengi kwa kugeuza kabati na kutazama mgongo wake. Uso wa mbele uliofunikwa kwa karatasi ngumu ya plastiki huzuia mvuke vizuri. Ni kingo zilizokatwa na kuachwa wazi, matundu ya skrubu na mgongo usiopakwa kitu vinavyovuja. Fundi anayeziba kingo zote kwa utepe wa plastiki au vanishi hapambi tu kazi yake, anapunguza kinachotoka.

Rangi na vanishi zina tabia tofauti. Mbao hutoa kidogo kwa miaka. Rangi hutoa kwa wingi kwa siku na wiki chache, kisha hupungua. Rangi ya mafuta hukauka kwa kupoteza kiyeyushi chake, ambacho ni mchanganyiko wa kampaundi za jamii ya petroli, na fundi huongezea thina au tapentaini ili ipakike vizuri. Rangi ya maji ina kiyeyushi kidogo zaidi, ingawa si sifuri, maana huhitaji kemikali chache za kuisaidia kushikana na kutoganda. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2004, uliweka kikomo cha gramu 30 kwa lita kwa rangi zisizong'aa za kuta za ndani kuanzia mwaka 2010. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2012 rangi, mbao, mazulia na vifaa vingine vya ujenzi vya ndani huuzwa vikiwa na lebo ya herufi, kuanzia A+ hadi C, inayomweleza mnunuzi ni kiasi gani kifaa hicho kitatoa hewani. Kazi inayochafua kuliko zote ni kubandua rangi ya zamani kwa dawa ya kuyeyusha. EPA imeonya kwamba wakati wa kazi hiyo na saa kadhaa baada yake, kampaundi vukizi huweza kupanda hadi mara 1,000 ya kiwango cha nje.

Gundi za sofa, za sponji, za fomaika na za kubandikia mazulia ziko katika daraja moja na thina, na ndizo zinazofanya sofa mpya inuke vikali. Zulia la plastiki la kutandikwa sakafuni lina jambo lake lisilojulikana sana. Likibandikwa juu ya zege ambayo haijakauka vizuri, unyevu wenye magadi ya saruji huvunja vilainisha plastiki na gundi, na pombe nzito iitwayo ethilihexanoli huanza kutoka, ikiwasha macho na pua za wakazi. Tatizo hilo halitibiki kwa kufua wala kupangusa. Dawa yake ni kung'oa zulia, na kinga yake ilikuwa kuacha zege ikauke.

Kwa kulinganisha, nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe, Unguja, yenye kuta za matumbawe zilizopigwa chokaa na dari ya boriti za mikoko, haikutoa karibu chochote kutoka kwenye jengo lenyewe. Chokaa ni madini, haina kiyeyushi, na hukauka kwa kunyonya hewa ukaa. Mvuke wa nyumba hizo ulitoka jikoni na kwenye chetezo.

Moto ndicho chanzo cha kale kuliko vyote, na kwa wasomaji wengi wa Kiswahili bado ndicho kikubwa. Kuni zinapoungua bila hewa ya kutosha hazibadiliki zote kuwa majivu na hewa ukaa. Sehemu yake hutoka kama benzeni, fomaldehaidi, akrolini na nyinginezo, pamoja na masizi na gesi ya kaboni monoksidi. WHO inakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Vingi vya vifo hivyo huhesabiwa kwa chembe laini za masizi, si kwa mvuke peke yake, lakini vyote hutoka motoni pamoja na huvutwa pamoja. Mkaa hutoa moshi mdogo kuliko kuni, na kwa sababu hiyo huaminika kupita kiasi: kaboni monoksidi yake haina harufu na huua watu wanaolala na jiko chumbani.

Mafuta ya taa yalihesabiwa kwa miaka mingi kuwa hatua ya mbele kutoka kwenye kuni. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2014 ulikataa hesabu hiyo na kushauri yasitumike majumbani. Jiko la mchina na kibatari huchafua hewa mara mbili, kwanza kwa moshi wa utambi, halafu kwa mvuke wa mafuta yenyewe kwenye tangi, dumu na vidole. Gesi ya mitungi ni safi zaidi kwa mbali, ingawa nayo haikosi doa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba majiko ya gesi hutoa benzeni, na katika baadhi ya nyumba ilizidi ile inayokutwa mahali penye moshi wa sigara. Habari hiyo ilienea na kupokelewa vibaya. Anayepika kwa kuni ndani ya kibanda hana sababu ya kuiogopa gesi kwa ajili yake. Mwenye jiko la gesi katika fleti iliyofungwa ana sababu ya kufungua dirisha apikapo. Hata jiko la umeme haliondoi kila kitu, kwa kuwa mafuta ya kukaangia yakifika kiwango cha kufuka moshi hutoa akrolini, ile inayochoma macho ya mkaanga samaki.

Kuna mioto miwili midogo ambayo haiwekwi katika hesabu ya moshi kwa sababu haipiki chakula. Wa kwanza ni dawa ya mbu ya kuwasha, ile koili ya mzunguko. Kiuadudu ndani yake ni kidogo, hakifiki asilimia moja. Sehemu kubwa ni unga wa mbao, vifuu vya nazi na gundi, vinavyofuka kwa saa nane hivi bila kuwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Environmental Health Perspectives ulipima koili zilizouzwa China na Malaysia. Koili moja ilitoa chembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137, na fomaldehaidi iliyoweza kufika ile ya sigara 51. Mzazi asiyeweza kukubali sigara hata moja katika chumba cha mtoto huwasha koili humo kila jioni na kufunga mlango ili dawa isitoke. Malaria ni adui mbaya zaidi, na hakuna anayeshauri watu walale wazi. Lakini chandarua chenye dawa na wavu wa dirishani hufanya kazi hiyo bila kufuka chochote.

Wa pili ni udi na ubani. Kwa watu wa pwani na wa Oman na Ghuba, kufukiza ni adabu ya nyumba: mgeni hufukizwa, nguo za Idi na za harusi hufukizwa, chumba cha maharusi na cha mzazi hufukizwa. Vipande vya udi vilivyopikwa kwa sukari, mafuta mazuri na miski, vikiwekwa juu ya kaa la moto kwenye chetezo, hufuka badala ya kuwaka, na kitu kinachofuka hutoa kampaundi nyingi zaidi kuliko kinachowaka vizuri. Vipimo vya moshi wa aina hii vimekuta benzeni, tolueni na fomaldehaidi pamoja na chembe laini na kaboni monoksidi ya kaa lenyewe. Sebule ya zamani yenye dari ndefu na madirisha mawili yanayotazamana iliubeba moshi huo kwa dakika chache. Chumba chenye kiyoyozi huushika hadi asubuhi. Kinachobadilika hapa ni chumba. Dirisha likiachwa wazi wakati wa kufukiza na nusu saa baadaye, harufu hubaki kwenye nguo na pazia, na sehemu kubwa ya moshi hutoka. Mwenye pumu na mtoto mchanga wasiwemo.

Vitu vidogo vya kabatini na chooni vina orodha ndefu, na vingi havihitaji maelezo: dawa ya viatu, asetoni ya kufutia rangi ya kucha, dawa ya kupuliza nywele, marashi, kiuadudu cha kopo. Kimoja kinahitaji. Ni vile vipira vyeupe vya naftaleni vinavyowekwa katikati ya nguo kuzuia nondo na mende. Katika joto la chumba naftaleni haiyeyuki, bali hupita moja kwa moja kutoka ugumu hadi mvuke, na ndiyo sababu vipira hupungua bila kulowanisha nguo. WHO imeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, kiasi kidogo ambacho kabati lenye vipira vichache katika chumba cha kulala linaweza kukivuka. Hatari yake kubwa iko kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huo hurithiwa na umeenea katika maeneo yaliyoishi na malaria kwa vizazi vingi, pwani ya Afrika Mashariki ikiwemo. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivalishwa nguo au kufunikwa blanketi lililotunzwa kwa naftaleni, chembechembe zake nyekundu za damu huweza kupasuka, akapata manjano kali na upungufu wa damu. Nguo za mtoto zisiwekwe pamoja na vipira hivyo kabisa. Nguo iliyokwisha kuwekwa navyo ifuliwe na kuanikwa hadi harufu iishe kabla ya kumgusa.

Manukato ya kupuliza chumbani na sabuni za kusafishia zenye harufu ya limau au msonobari hutoa terpeni. Terpeni zenyewe ni pole, lakini zikikutana na ozoni iliyoingia kutoka nje, au iliyotolewa na baadhi ya mashine za kusafisha hewa, huzaa fomaldehaidi na chembe laini sana. Klorini ya kufulia nayo ikichanganyika na sabuni na manukato yake hutengeneza kloroformu kidogo. Kuficha harufu mbaya kwa harufu nzuri, kwa hiyo, ni kuongeza kemikali juu ya kemikali.

Katika saluni, dawa za kunyoosha nywele kwa pasi ya moto zilizovuma kwa jina la Kibrazili ziliwahi kuleta kizaazaa. Mwaka 2011 mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, ilitoa tahadhari kwamba baadhi yake hutoa fomaldehaidi zikipashwa moto, hata pale ambapo chupa imeandikwa haina. Anayeumia zaidi ni msusi, anayezivuta siku nzima, kuliko mteja wa saa mbili. Nguo zilizosafishwa kwa draikilina hurudi nyumbani na mabaki ya perkloroethilini, kiyeyushi ambacho Marekani iliamua Desemba 2024 kukiondoa hatua kwa hatua katika kazi hiyo. Nguo hizo zitolewe kwenye mfuko wa nailoni na kuanikwa barazani kabla ya kuingizwa kabatini.

Petroli inastahili kutajwa peke yake kwa sababu ina benzeni. Nchi zenye gereji zilizoungana na nyumba zimegundua kwamba mvuke wa gari lililoegeshwa hupenya hadi vyumbani. Afrika Mashariki ina jambo lake linalofanana: pikipiki inayoingizwa sebuleni usiku kwa hofu ya wezi. Tangi na mirija ya pikipiki huvuja mvuke hata injini ikiwa imezimwa, hasa ikiwa bado ya moto. Dumu la petroli la jenereta chini ya meza ya jikoni hufanya vivyo hivyo, na juu ya hayo liko tayari kushika moto.

Binadamu mwenyewe ni chanzo, maana pumzi yake ina asetoni na isopreni, na mafuta ya ngozi yake yakikutana na ozoni huzaa kampaundi nyingine. Kuvu wa ukuta wenye unyevu nao hutoa ile harufu ya uvundo inayotangulia kuonekana kwa madoa. Vyanzo hivi viwili ni vidogo, ila harufu ya uvundo ina faida yake: huonyesha mahali maji yanapovuja.

Dawa zinazouzwa dhidi ya mvuke huu si zote za kuaminika. Mimea ya chungu ilipata sifa kutokana na majaribio ya NASA ya mwaka 1989, yaliyofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 na Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel ulikokotoa kwamba, ili mimea ishindane na hewa inayoingia na kutoka kwa kawaida katika jengo, ingehitajika kati ya 10 na 1,000 katika kila mita ya mraba ya sakafu. Mashine za kusafisha hewa zenye kichujio cha chembe tu hazishiki mvuke. Lazima ziwe na kaboni maalumu, nayo hujaa na kuhitaji kubadilishwa. Vipimo vya bei nafuu vinavyoonyesha namba moja ya VOC haviwezi kutofautisha ganda la chungwa na benzeni.

Kinachofanya kazi ni kuondoa chanzo, na pale kisipoondoleka, kukipa hewa. Chumba kilichopakwa rangi au kuwekewa makabati mapya kiachwe madirisha na milango ya makabati wazi mchana kutwa kwa wiki kadhaa kabla ya mtu kulala humo. Ukarabati wa chumba cha mtoto ufanywe miezi miwili au mitatu kabla hajazaliwa, si wiki ya mwisho. Thina, rangi iliyobaki, petroli na mafuta ya taa vikae nje, penye kivuli na kufuli, mbali na watoto. Na kwa fundi, kinunuliwe kiasi cha kazi iliyopo tu, kwa kuwa kopo lililofunguliwa huvuja mvuke hata likiwa limefunikwa.